Mgeni Aliyeshika Kila Neno

"Rudia," Inspekta Ndululu alisema.

"Nirudie nini tena, afande? Habari ya gari nimeisema mpaka mate yamenikauka."

"Gari achana nalo. Nataka yale uliyomwambia mgeni. Kila neno, tangu mlipotoka Nairobi."

Faki aliinua macho. Alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kofia yake ya mkono magotini, na kwa mara ya kwanza tangu afungiwe alionekana kama mtu aliyeulizwa swali la maana. Alikuwa dereva wa watalii, mzaliwa wa Kitui. Babu yake alipanda kutoka pwani na biashara ya chumvi, akaona hana haja ya kushuka tena. Faki mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na sifa yake kubwa mjini ilikuwa kwamba hajawahi kupoteza hata mwavuli wa mgeni. Sasa alikuwa amepoteza mgeni mzima.

Mgeni huyo aliitwa Aksel Lund, mzee wa Kidenmaki aliyestaafu kazi ya kusimamia kituo cha treni huko kwao na sasa anafuga nyuki. Mwaka ule wa 1978 wazungu wenzake walikuwa wakimiminika Tsavo kutazama simba. Yeye alitaka kuona mizinga ya Ukambani. Juzi asubuhi Faki alimleta hadi soko la Tulia, na hapo mkanda wa feni wa Peugeot ukakatika. Akamwacha mgeni kibarazani pa duka la Abdulatif, akadandia lori kwenda mjini kutafuta mkanda mwingine. Aliporudi jioni, kibaraza kilikuwa kitupu na duka limeshafungwa.

Faki alikwenda kituo cha polisi mwenyewe kuripoti, na hajatoka hapo mpaka leo. Utingo wa lori la soda, kijana wa mbali asiyejua hata jina la soko alilopita, alikuwa amemtangulia na habari nzito. Lori likiwa mbioni, alisema, aliona kwa macho yake mzungu mwenye kofia, mikono imefungwa kamba, amezungukwa na watu wenye mapanga na majembe. Kisha kamera ya mzungu ikapatikana dukani kwa Abdulatif. OCS, mkuu wa kituo, alijumlisha hayo mawili akapata Faki.

"Mimi nina wosia wangu," Faki alianza, na sauti yake ikapata nguvu. "Nikishamchukua mgeni uwanja wa ndege, kabla hatujafika Athi River nusu nimeshammwagia. Maji asinywe mpaka ayaone yakichemka kwa macho yake. Soda ni sawa, barafu hapana. Jua likiwaka avae kofia. Ukisalimiwa, itika, na ukimkuta mtu njiani msalimie wewe, maana huku ukimpita mtu kimya unamwona si mtu. Chakula ukikaribishwa kula, hata kidogo, na mkono wa kulia. Picha usimpige mtu bila idhini yake. Na kamera usiisogeze karibu na daraja, wala bwawa, wala bendera. Kuna mgeni wangu aliwahi kunyang'anywa kamera kwa sababu ya daraja, akalia kama amefiwa. Tena mbele ya ofisi za serikali usirandirande kama huna shida nazo."

"Na ukikamatwa?"

"Na nani?"

"Na yeyote."

Faki alifikiri. "Hapo nilimwambia, watu wakikuzingira usikimbie, usipigane, usitoe pesa. Cheka nao, fanya wanalotaka, ungoje. Mimi nitakuja. Na usiondoke na mtu mwingine hata akikwambia ni polisi, maana matapeli wa siku hizi wanakuja na suti na kitambulisho."

Ndululu aliitazama suti yake ya kijivu.

"Na yeye ni mtu wa kushika anayoambiwa?"

"Afande, yule bwana amesimamia kituo cha treni maisha yake yote. Nilimwambia habari ya kofia mara moja tu. Ameivaa mpaka mezani hotelini, taa ya umeme ikiwaka juu yake."

Ndululu alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kutabasamu wakati wenzake wamenuna, na tabia hiyo ilikuwa imemchelewesha kupanda cheo. OCS alikuwa akimngoja mlangoni. Huyo alihamishiwa hapa majuzi tu kutoka mkoa mwingine, na alitaka sana kuonekana.

"Umepata nini?"

"Njia aliyopita mzungu."

"Umekaa na mshukiwa asubuhi nzima akikuhadithia habari ya barafu." OCS aliitazama saa yake. "Jioni linakuja gari kutoka Nairobi. Karatasi nimeshatia sahihi. Dereva huyu anapelekwa kule, na huko watamhoji vizuri."

Ndululu alijua maana ya kuhojiwa vizuri. Mtu akishapakiwa kwenye gari lile, hata akirudi harudi yule yule, na dereva wa watalii aliyewahi kushukiwa kuuza mtalii hapewi mtalii mwingine maisha yake yote.

Nje, chini ya ukuta, Tima, mke wa Faki, alikuwa ameketi na chupa ya chai aliyokatazwa kuingia nayo. Alisimama alipomwona Ndululu.

"Mwanangu, mimi sina mengi. Huyu mtu akileta wageni nyumbani huwa hali mpaka wao wale kwanza. Namgombeza kila siku kwa hilo. Mtu wa namna hiyo anamuuza mgeni?"

"Mama, mpelekee chai. Mwambie wa mlangoni nimeruhusu mimi."

Alipanda Land Rova pamoja na Konstebo Kisilu, dereva wake, mtoto wa mjini aliyependa viatu vinavyong'aa. Walipokamata barabara ya Tulia, Kisilu aliuliza majambazi wanatafutwa upande gani.

"Hatutafuti majambazi. Tunamtafuta mtu mtiifu. Mkaidi anaweza kwenda popote, lakini mtiifu ana njia moja tu. Tutashika wosia wa Faki tuone unatufikisha wapi."

Abdulatif aliwapokea mlangoni pa duka lake kabla hawajashuka. Alikuwa mnene, mwenye kanzu safi, na alikuwa ameudhika.

"Kamera nimeshaeleza. Niliulizwa nani ameniuzia, nikasema hakuna aliyeniuzia, nikaambiwa mwongo. Baba yangu amefungua duka hili kabla ya hiyo polisi kuwapo."

"Mimi nauliza lingine, Bwana Abdulatif. Mzungu alikuwa anataka kwenda wapi?"

Abdulatif alilegea kidogo. "Hilo hakuna aliyeniuliza. Alitaka kuona mizinga ya nyuki. Nikamwambia aende kwa mzee Kiilu, ng'ambo ya silanga. Akauliza silanga ni kitu gani. Nikamwambia ni bwawa, watu wanachimba ili likusanye maji ya mvua. Basi, aliposikia bwawa tu akaivua kamera shingoni, akaniwekea juu ya meza. Akaniambia niitunze. Nikafikiri labda bwawa kwao ni mahali pa kusali."

Kisilu aligeuka kumtazama Ndululu. Ndululu alikuwa akitabasamu.

"Baada ya yeye kuondoka, kuna mtu alikuja kumuulizia?"

"Wengi. Mzungu akipita sokoni kila mtu huuliza."

"Kuna aliyemuulizia mwenye mzungu?"

Abdulatif alikuna shavu. "Mama mmoja. Jioni ile ile, kabla Faki hajarudi. Akauliza mwenye mzungu ni nani na yuko wapi. Nikamwambia amekwenda mjini, atarudi. Akaridhika. Akanunua sukari na majani ya chai, akaenda zake."

"Sukari nyingi?"

"Kama mtu mwenye mgeni."

"Alivaaje?"

"Leso, kama kina mama wote. Alikuwa na matope mpaka magotini, akanichafulia sakafu."

Ndululu alimshukuru kwa mikono miwili. Nje, vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, juu ya mabati na juu ya punda waliofungwa kando ya soko. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu Mei. Alimuuliza Kisilu matope yanaweza kutoka wapi katika ukame ule, na Kisilu, ambaye hakuwa mjinga ila hakupenda kufikiri akiwa na njaa, alisema kwamba labda chini kabisa ya bwawa.

Kwa kuwa njaa ilikuwa imetajwa, waliingia hoteli ya Mutindi, chumba cha udongo chenye meza tatu. Mutindi aliwaletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, bila kuulizwa, akaweka mikono kiunoni.

"Mzungu alikula hapa?" Ndululu aliuliza.

"Alikula sahani mbili. Nilimkaribisha ile ya kwanza ndio nione kama atakataa, akamaliza. Nikamuongeza nione tena, akamaliza. Ya tatu nikamwonea huruma."

"Polisi walipokuja jana hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza mzungu. Waliuliza kama nimeona majambazi wameteka mtu. Nikasema sijaona, na kweli sijaona. Mimi ni mtu wa kanisa, nitasema nimeona majambazi na sijaona?"

"Na watu wengine hapa sokoni?"

"Wote waliulizwa hivyo hivyo. Mzungu kila mtu alimwona. Alishika njia akisalimia kila mtu uvoo waku, uvoo waku, mpaka punda ya Kiema."

Ndululu alikula haraka. Kazi ya siku mbili ya kituo kizima ilikuwa imeharibiwa na swali moja bovu, na hakuna aliyedanganya hata kidogo. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyoweza kuonyesha mbele ya konstebo.

Mwisho wa soko njia iligawanyika. Ya kushoto ilikuwa pana, yenye kivuli, nayo ilipita mbele ya ofisi ya chifu ambako bendera ilikuwa ikipepea. Ya kulia ilikuwa nyembamba, ya mawe, inateremka. Kisilu alielekeza Land Rova kushoto kwa sababu ya kivuli.

"Huko kuna bendera," Ndululu alisema. "Mtu wetu hawezi kupita mbele ya ofisi ya serikali bila kuwa na shida nayo. Egesha hapa, tunashuka kwa miguu."

"Kwa viatu hivi, afande?"

"Vua basi."

Walishuka. Kwenye mchanga laini, pale njia ya miguu ilipokaribiana tena na barabara ya magari, Ndululu alichutama. Kulikuwa na alama za viatu vikubwa vya raba, zimepita siku moja au mbili, na kuzizunguka pande zote nyayo za miguu mitupu. Kutoka hapa lori lingeweza kuonekana, na aliye juu ya lori angeweza kuona hapa kwa muda wa kufumba na kufumbua.

"Hapa ndipo walipomkamata," Kisilu alisema kwa sauti ya chini, mkono ukienda kwenye rungu.

"Ndiyo. Sasa tazama viatu. Aliyeburutwa huacha mburuzo. Huyu ametembea kwa hatua ndefu zilizo sawa, katikati yao. Na hizi nyayo nyingine ni ndogo. Ni za wanawake." Aliingiza mkono kichakani akatoa kitu. Ilikuwa kamba ya majani mabichi yaliyoanza kukauka, imesukwa harakaharaka, na fundo lake lingefunguliwa na mtoto.

Ndululu aliitazama kamba ile, kisha akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa mtu wa Mbooni, Ukambani huko huko. Alipokuwa mtoto alimwona mwalimu wake mkuu, mwenye tai shingoni, amefungwa kwa kamba ya aina ile na kina mama, akiomba radhi.

"Afande, unaumwa?"

"Twende. Tumefika."

Waliusikia wimbo kabla ya kuona watu. Nyuma ya kilima kidogo kulikuwa na bonde limechimbuliwa, na ndani yake wanawake wengi, wengine wanachimba, wengine wanabeba udongo kwenye makarai, wakiimba kwa kupokezana. Katikati yao, amezama mpaka magotini kwenye matope, alikuwapo mzee mmoja mwekundu mwenye kofia pana. Alikuwa akiinua jembe na kulishusha kwa mwendo wa wimbo. Wimbo alikuwa hajui maneno yake, lakini mwisho wa kila ubeti aliitikia kwa sauti nzito, na kina mama walimwachia nafasi aitikie.

Mama aliyekuwa akiongoza wimbo alinyamaza, na kazi ikasimama. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na kila mtu alimtazama kabla ya kufanya lolote.

"Mwaitu, mama yangu, mimi naitwa Ndululu, mtu wa serikali," Inspekta alisema kwa adabu. "Huyu mzungu tunamtafuta."

"Mimi ni Mbula, mwenyekiti wa mwethya hii," mama akajibu. "Ni wewe mwenye yeye?"

"Hapana. Lakini kuna mtu amelala seli kwa sababu yake. Niambie vile alifika hapa."

Mbula aliweka jembe chini. "Wewe ni mtu wa huku, unajua. Watu wakiwa kwa mwethya, hii kazi ya wote, mtu hapiti tu hivi hivi. Akipita bila kushika hata jembe tunamfunga na majani, tunacheka, watu wake wanakuja kumkomboa. Wanashika kazi kidogo ama wanaleta kitu kidogo, basi, tunamfungua, anaenda. Kila mtu anajua, hata pasta tulifunga. Sasa huyu alipita juzi akitusalimia vizuri sana, lakini alipita. Tukamfunga, mchezo tu."

"Akafanya nini?"

"Ndio shida. Mwingine anapiga kelele, anaita ndugu yake, anatoa hata sigara. Huyu hakasiriki, hatoi kitu, anatucheka na sisi tunamcheka. Tukimuuliza watu wake anasema tu Faki, Faki. Nikatuma Nzilani dukani aulize mwenye yeye, akaambiwa atakuja. Tukangoja. Yeye anangoja, sisi tunangoja. Akachoka kukaa, akaomba jembe."

"Mbona hamkumfungua?"

"Tulimfungua hiyo siku, kabla jua haijaingia. Jana nikamwonyesha njia ya soko na mkono, nenda. Akakaa chini. Sasa nifanye nini? Mtu wa watu huwezi kumtupa njiani, unamrudisha kwa wenyewe. Analala kwangu, kwa kitanda ya kijana yangu. Maji anakunywa akisimama juu ya sufuria akiangalia ikichemka. Nilifikiri ananionea wasiwasi ya sumu."

Ndululu aliteremka matopeni, viatu na yote, akamwendea mzee. Alimwamkia kwa Kiingereza, akajitaja, akatoa kitambulisho. Lund alikifuta kwa kidole, akakisoma mbele na nyuma, akakirudisha.

"Kitambulisho kizuri sana," alisema kwa upole. "Bwana Faki aliniambia vingekuwa vizuri."

"Mimi ni polisi kweli, Bwana Lund."

"Na suti pia aliitaja. Usinielewe vibaya. Bwana Faki alisema nimngoje, nami namngoja. Mahali hapa ni pazuri, na nimeshaona mizinga. Mzee Kiilu aliniletea mmoja nikautazama wakati wa mapumziko."

"Bwana Faki hawezi kuja. Amefungwa. Wanasema amekuuza."

Jembe lilitulia mkononi mwa mzee. Furaha ilimtoka usoni.

"Kama huo ni uongo, ni uongo mbaya sana," alisema. "Kama ni kweli, mlete nimwone."

Ndululu alikuwa anageuka kumwita Kisilu alipohisi kitu kinazunguka mikononi mwake. Nzilani na wenzake walikuwa wameshamfikia.

"Na wewe umekuja kwa kazi ya watu ukiongea tu," Mbula alisema. "Serikali pia inakunywa maji."

Kisilu alirudi nyuma hatua kadhaa, viatu vyake kifuani.

"Nenda kituoni," Ndululu alimwambia, mikono imefungwa mbele. "Mwambie OCS mgeni amepatikana mzima na hakuna jambazi. Mwambie aje na Faki, kwa maana mgeni haondoki bila Faki. Eleza pole pole."

Kisilu alieleza, lakini OCS alisikia mambo mawili tu, kwamba mzungu haachiliwi mpaka mshukiwa aletwe, na kwamba Inspekta mwenyewe amefungwa mikono. Ndululu alikuwa ameshafunguliwa, amechimba mpaka shati limemgandia mgongoni, Land Rova mbili zilipotokea juu ya bonde. Askari waliruka na bunduki. OCS alitangulia na kifimbo chake. Nyuma kabisa, katikati ya askari wawili, Faki aliteremka kwa shida, maana mtu mwenye pingu hana cha kujishikilia kwenye mteremko.

Wimbo ulikatika. Watoto waliokuwa mgongoni walianza kulia. Mbula hakusogea.

Lund alivua kofia, ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

"Bwana Faki," alisema.

"Bwana Lund." Faki alimtazama kuanzia matope mpaka kichwa. "Umekula?"

"Nimekula vizuri."

"Na maji?"

"Yamechemshwa. Nilitazama mwenyewe."

"Alhamdulillahi," Faki alisema, akafumba macho.

OCS alitazama huku na huku akitafuta jambazi wa kumkamata. Aliona wanawake, makarai, na inspekta wake mwenye jembe.

"Mgeni apande gari la mbele," aliamuru hatimaye. "Dereva arudi la nyuma. Gari la Nairobi liko njiani, na karatasi yake imeshatoka. Kama hana kosa atajieleza huko."

Ndululu aliufahamu uso ule. OCS alikuwa ameona kwamba amekosea, na ndiyo sababu alitaka Faki aondoke haraka. Kosa likishapelekwa Nairobi, lingekuwa kosa la Nairobi.

Lund aliuliza amesema nini, na Ndululu akamtafsiria lote, hakupunguza kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka matopeni, akaenda kusimama ubavuni mwa Faki, bega kwa bega.

"Kwa nini wamemfunga chuma?" aliuliza.

"Bwana Lund, nakuomba, panda gari," Faki alisema kwa Kiingereza chake cha watalii, haraka. "Usibishane na polisi. Huo ni ushauri wangu. Nenda Nairobi, panda ndege yako, mimi nitajua la kufanya."

"Huo, Bwana Faki, sitaushika."

Lund alimgeukia OCS, na ile sauti iliyokuwa ikiitikia wimbo ikasikika mpaka juu ya bonde.

"Nimeelezwa na Inspekta kwamba huku mtu akifungwa watu wake huja kumkomboa. Nimekuja. Niambie unataka nini ndipo umfungue."

"Wewe ni nani wake?" OCS aliuliza, akianza kuhema.

"Mimi ni mtu wake."

Mbula alivuta mkono wa Ndululu kutaka kujua. Ndululu alimwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Mama yule alishika jembe lake, akapanda akasimama upande wa pili wa Faki. Nzilani akafuata, kisha wengine, mmoja mmoja, bila haraka, mpaka askari waliomshika Faki wakajikuta wako katikati ya kina mama na hawajui bunduki zao waziweke wapi.

"Inspekta," OCS alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wanataka nini?"

Ndululu alijifuta mikono kwenye suruali iliyokuwa ya kijivu. "Hawataki kitu, bwana. Ila fikiria kidogo. Nairobi watakuuliza dereva amemuuza nani. Utasema huyu mzungu. Watakuuliza mzungu yuko wapi. Utasema yuko hapa, anachimba silanga, na hataki kuondoka bila dereva. Watakuuliza sasa kesi ni ipi. Mimi nitaitwa kutoa ushahidi, na mimi, unanijua, nitaeleza pole pole."

OCS aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, na kwa kuwa askari wake walikuwa wamezibwa na watu, ilimbidi apenye mwenyewe kati ya kina mama kwenda kuifungua mikono ya Faki.

Pingu zilipotoka Faki alisugua vifundo vya mikono, akatazama chini, akalia hapo mbele ya watu wote, mtu mzima na ndevu zake. Hakuna aliyecheka. Ndululu mwenyewe alijishughulisha na matope ya viatu vyake.

"Sasa ni zamu yako," Mbula alimwambia Faki alipotulia, na akamnyooshea jembe. "Wako amekukomboa. Wewe pia komboa wako, chimba mpaka pale kwa jiwe, halafu mwende."

Faki alipokea jembe, akakunja suruali. Lund alikuwa ameshashuka na lake mkononi, na Faki, machozi hayajakauka, akakumbuka kazi yake.

"Hapana, Bwana Lund. Wewe pumzika. Mgeni hachimbi."

"Nimeshawaambia mimi ni mtu wako, si mgeni," Lund alisema, akasogea kidogo kumwachia nafasi kwenye mstari.